Ziwa la Mama Halina Muhuri

Tulipoachana wiki iliyopita nilikuwa nimesimama uwani na mzigo wa kuni kichwani, na mwanamke mwenye kitambulisho shingoni amesimama mlangoni mwa banda letu, anamtazama Mmadi akichochea moto.

Kwa asiyenifuata tangu mwanzo, namwambia kwa pumzi moja. Jina langu Shamima, wa Mtambile, mtalaka, mtoto sina, mtambo ninao. Ni mtambo wa marehemu baba wa kukamulia mafuta ya maua ya langilangi, birika kubwa la shaba na mabomba yake. Tangu baba atangulie mbele ya haki umekaa kimya, na ami yangu Masoud anautaka aubomoe, shaba aiuze, kiwanja ajenge maduka. Kikao cha ukoo kilinipa msimu mmoja tu. Maua yakimalizika sijatoa mafuta ya kununulika, banda ni lake.

Na kukamua sijui. Karafuu sote hapa tunazijua, lakini langilangi aliijua baba, na aliijulia Ngazija, ng'ambo ya bahari, alikokwenda kufanya kazi ujanani pamoja na mama. Ndiyo nikampigia simu Mmadi, mtoto wa rafiki yake wa huko, fundi wa langilangi tangu utotoni. Akaja, na pasi ya matembezi mkononi. Mimi kwa akili zangu nilidhani Mngazija ni mwenzetu tu. Anaswali kama sisi, anakula kama sisi, hata jina lake tunalo. Nani angemwita huyo mgeni?

Serikali ingemwita, kumbe.

"Assalaamu alaykum," akasema yule mwanamke. "Naitwa Nahla, natoka ofisi ya kazi, Chake. Huyu anayechochea moto ni nani?"

Tukajibu watu watatu kwa mpigo.

"Mgeni wetu," nilisema mimi.

"Mwanangu," akasema mama yangu, Bi Mwatum.

"Fundi," akasema Mmadi, uso umemchanua. Sifa ya ufundi hawezi kuificha, masikini.

Bi Nahla akakunja mwavuli wake taratibu. "Nimeuliza mtu mmoja, nimepewa watatu."

"Mgeni ni mgeni, mwanangu," mama akasema. "Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu keshapita wiki. Ulitaka tumkalishe mkekani kama biarusi?"

"Bibi yangu, methali hiyo na mie nimelelewa nayo. Ila waliotunga sheria hawakuisikia. Mwenye pasi ya matembezi atembee. Akishika jembe ni mfanyakazi, na mfanyakazi mgeni lazima awe na kibali."

"Lakini hatumlipi hata shilingi!" nikasema, nikidhani nimeokoka.

"Basi una makosa mawili."

Mama akanitazama kama kwamba mimi ndiye niliyempa jembe.

Bi Nahla akaamuru Mmadi auache moto. Nikamwangukia. Nikamwambia maua yamechumwa alfajiri, yamo birikani, yakilala ni takataka, na mlangilangi haumngojei mtu apate kibali.

"Basi chochea wewe mwenye mali," akasema, akavuta kigoda akakaa. "Bwana Mmadi na akae pale. Mikono magotini."

Jamani, sijaona mateso kama yale. Mmadi kakaa kwenye kiti kama mtoto wa chuoni aliyekosea sura, mikono magotini, na mimi nasukuma kuni. Nikizidisha, anafumba macho. Nikipunguza, anauma mdomo.

"Bi Nahla," akaomba, "kusema naruhusiwa?"

Bi Nahla akafikiri. "Kusema sema. Watalii wote wanasema."

"Shamima! Moto mdogo! Mdogo! Unapika maua au unachoma makaa?"

Nikautoa moto. Nikautoa mno. Nikaurudisha, nikaurudisha mno. Mwisho wa yote mafuta yakatoka, matone machache ya rangi ya chai, yananuka ukoko wa wali. Mmadi akainuka, akachungulia chupa, akarudi kukaa bila ya kuambiwa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Maua ya asubuhi nzima yalikuwa yamepotea.

Nadhani ndipo Bi Nahla aliponihurumia, maana alisogea akanusa ile chupa, akakohoa, akaniuliza, "Kweli hapa hakuna mwengine ajuaye kazi hii?"

"Yupo kaburini."

"Basi fuata njia yake, na uifuate mbio, maana pasi ya huyu inakwisha Ijumaa. Anayeomba kibali cha kazi si yeye, ni wewe mwenye kazi. Hilo wengi hawalijui, wanawatuma wageni ofisini peke yao kama wanawatuma sokoni. Tangaza kazi kwanza, ionekane umetafuta Mzanzibari hukumpata. Andika mkataba, lete vyeti vyake, na mtaje mtu wa hapa atakayefundishwa, ili fundi akiondoka ufundi ubaki. Kibali cha kazi kikitoka ndiyo unakwenda Uhamiaji kwa kibali cha kuishi. Na sheha wako aniambie anamjua."

Akafungua mwavuli wake akaondoka. Mama akampa mkungu wa ndizi, akaukataa. Mama akasema huyo kweli mtu wa serikali.

Sasa, mwenye akili angefuata alivyoelekezwa. Mimi nilikwenda Tibirinzi kwa Fahmi.

Fahmi ni binamu yangu, anauza simu na anajua kila kitu. Ukimuuliza dawa ya meno anayo, ukimuuliza habari za vibali ndiyo usiseme.

"Njia hiyo ndefu," akaniambia. "Mpitishe njia ya mwekezaji. Mtambo uwe wake, wewe uwe mfanyakazi wake."

"Aniajiri kwenye mtambo wa baba yangu? Kaja na begi moja na kanzu mbili, Fahmi, mwekezaji wa nini?"

"Basi mwandikishe anajitolea."

"Ajitolee kukamua mafuta ya kuuza?"

"Mwanafunzi?"

"Anajifunza nini, na mwalimu ni yeye?"

Fahmi akajikuna kidevu. "Basi olewa naye. Mume wa mwananchi njia yake nyengine kabisa."

Nikamrushia kava la simu, likampata sikioni. Watu dukani wakacheka. Nikajifunga buibui langu vizuri nikatoka kwa hasira.

Lakini hapa nimezoea kusema kweli, hata kama wifi zangu wa zamani wanasoma. Lile neno lilinikaa. Nilikaa nalo garini mpaka Mtambile, nikashuka nalo, nikala nalo.

Mnaelewa, Mmadi akishakula huosha sahani yake mwenyewe. Mume wangu wa kwanza hata mahali panapowekwa sahani hakupajua. Na kwao wakishukuru husema "marahaba". Mama akimpa chai, "marahaba", akimpa muhogo, "marahaba", mpaka mama anacheka, anasema huyu kijana anaitikia shikamoo ambayo hajapewa. Nyumba yetu ilikuwa na miaka haijachekwa ndani yake. Nampenda. Haya, nimeshasema.

Basi nikaacha mambo ya Fahmi, nikafuata njia ya Bi Nahla kama nilivyoelekezwa. Nikabandika tangazo la kazi. Akaja mtu mmoja tu, naye alidhani ni mafuta ya nazi. Tukaandika mkataba, Mmadi akatoa vyeti vyake, nikabeba kila kitu tukaenda Chake sote wawili.

Bi Nahla akapitia karatasi moja moja. "Na atakayefundishwa?"

"Mimi."

"Mwajiri wewe, na mwanafunzi wewe?"

"Kwani mwajiri hana mikono? Ukoko ule uliounusa ungependa niendelee kuupika?"

Akacheka, Bi Nahla! Meno yake mazuri kumbe. Akasema sawa, haijakatazwa. Akachukua simu ampigie Sheha wetu, mkubwa wa mtaa, akaiweka sauti ya nje ili aandike huku anasikiliza. Nikaanza kupumua.

"Bwana Sheha, Mngazija aitwaye Mmadi, anayekaa kwa Bi Mwatum, unamjua?"

"Simjui vipi!" Sauti ya Sheha Bakar ikajaa ofisi nzima. "Yule mtoto wa Bi Mwatum! Kaka yake Shamima wa kunyonya!"

Kalamu ya Bi Nahla ikasimama.

Lo! Hili sikuwaelezeni, na lilikuwa limenitoka kabisa. Siku Mmadi alipoingia na begi lake, majirani walitoka vibarazani. Mtalaka, mwanamume mgeni, nyumba moja, mama mwenyewe macho hayaoni vizuri. Mama hakungoja waseme. Alitoka barazani akatangaza, "Huyu nimemnyonyesha miye mwenyewe, kule Ngazija, pamoja na Talib wangu. Kaka yake Shamima huyu." Majirani wakaridhika wakarudi kwao, maana kaka wa kunyonya ni maharimu, hamuoani milele, na akikaa nyumba moja na dada yake hapana wa kunena. Mimi niliingia jikoni nikacheka mpaka nikaegemea ukuta. Namjua mama yangu. Akitaka jambo liwe husema limeshakuwa.

"Ndugu wa kunyonya," Bi Nahla akarudia, simu kashaikata. "Dada Shamima, kila siku mfanyakazi asiye na kibali akikamatwa huambiwa mjomba, shemeji, mkwe. Wewe umeleta jipya."

Na mimi, ulimi wangu huu, badala ya kukana nikaona pengine kuna njia fupi. "Kwani undugu wa ziwa haumpi ukaazi?"

"Nyumbani kwangu nauheshimu. Hapa mezani, ziwa la mama halina muhuri. Kisheria Mmadi ni mgeni hata kama alinyonya mpaka akaota meno. Tabu yangu ni nyengine. Mwanzo mgeni, kisha mwana, kisha fundi, sasa kaka. Sipeleki mbele ombi la watu wasiosema neno moja. Kesho asubuhi Sheha anipigie aniambie huyu nani kwenu. Ikiwa kaka, tuongee ya kaka. Ikiwa fundi, tuongee ya fundi. Kesho, maana keshokutwa Ijumaa."

Nikamtazama Mmadi. Alikuwa ananitazama yeye, si Bi Nahla.

"Fundi," nikasema. "Ukaka ni maneno ya mama tu."

Mmadi akatabasamu, na mimi nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Tukaenda moja kwa moja kwa Sheha Bakar. Tulimkuta barazani kwake anafuta redio. Nikatoa shikamoo, nikamweleza nilivyoelewa mimi: Mmadi si ndugu yangu, mama alisema vile kuwaziba watu midomo, tafadhali ampigie Bi Nahla aseme ni fundi mgeni.

Sheha akaweka kitambaa chini.

"Ngoja kwanza. Huyu bwana analala wapi?"

"Chumba cha kaka Talib, maana yeye hakai nasi."

"Na weye?"

"Changu."

"Nyumba moja."

"Nyumba moja, Bwana Sheha. Na mama yumo."

"Na si maharimu wako."

"Si maharimu."

"Lahaula!" Akamgeukia Mmadi. "Weye bwana ulinyonya au hukunyonya?"

"Sheha," Mmadi akajibu kwa adabu, "jambo hilo mwenyewe sikumbuki."

"Hata angenyonya," Sheha akaniambia mimi, "ziwa la kuharimisha ni mara tano za kushiba, chini ya tano hapana undugu. Mlisoma chuoni au mlikuwa mnakimbizana?"

"Tulisoma, Sheha. Ila huyu mara tano hazipo. Hakunyonya hata tone!"

"Basi mambo mawili. Ahame leo leo, au muoane. Na kwa Bi Nahla sipigi mpaka mama yako aje hapa kwa miguu yake aniambie alidanganya. Neno la Bi Mwatum halikanushwi na mtoto wake."

Tukaondoka. Tulitembea mpaka kwenye mikarafuu ya mwanzo, kisha Mmadi akakohoa.

"Katika yale mawili ya Sheha," akasema, "mimi napenda lile lisilohitaji kubeba begi."

Nikajikwaa, na njia yenyewe haina hata jiwe.

"Unataka kunioa upate kibali?" nikamuuliza. Nilisema kwa ukali, lakini nilikuwa naogopa jibu lake.

"Kibali naomba kwa njia ya kazi, kama Bi Nahla alivyosema. Nitangoja foleni kama watu. Wewe nakutaka mbali na hayo. Tangu siku ile ulipounguza maua."

"Ungenitaka nilipofanya kitu kizuri!"

"Ulilia, ukafuta machozi, ukaosha birika ukasema kesho tena. Mimi nimeona mafundi wakubwa wakitupa birika."

Nilifurahi mpaka nikaogopa. Nikamwambia tu tembea upesi, mama tumuwahi kabla ya alasiri, twende naye kwa Sheha, aseme neno moja tu, "nilidanganya", mambo yote yaishe. Kibali, ndoa, mtambo, vyote vilikuwa vimekaa kwenye neno hilo moja.

Mama alikuwa ukumbini anapepeta mchele. Nikakaa chini mbele yake, Mmadi akabaki mlangoni, kavua viatu.

"Mama, inuka jifunge buibui. Twende kwa Sheha."

"Kuna nini?"

"Ukamwambie ulidanganya. Mara moja tu, Mungu atakusamehe, nia yako ilikuwa njema."

"Nimedanganya nini miye?"

"Ile ya kumnyonyesha Mmadi."

Ungo ukasimama.

"N'nani aliyekwambia nimedanganya?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaacha kucheka.

"Mama..."

"Talib alikuwa mchanga, mamake huyu kashikwa na homa kali, ziwa limekauka. Mtoto analia nyumba ya pili, nimsikilize tu? Nikamchukua. Huyo hapo, kashakuwa na ndevu."

Nyuma yangu nikasikia Mmadi akijiegemeza mlangoni, mlango ukalia.

"Mara ngapi, mama?" Sauti yangu mwenyewe sikuijua. "Mara ngapi za kushiba?"

Mama akanitazama, kisha akamtazama Mmadi, kisha akanitazama tena. Macho hayaoni vizuri, lakini siku ile yaliona. Nilijua kwa namna alivyouweka ungo chini.

"Yarabi," akasema polepole. "Kumbe ndiyo mambo yenyewe."

"Hesabu, mama. Nakuomba."

Akanyosha vidole. "Usiku ule wa homa, moja. Alfajiri yake, mbili. Siku mamake alipopelekwa hospitali nilimnyonyesha mchana na jioni, hizo nne, na alishiba, alicheua." Kidole gumba kikabaki hewani. "Tena ile siku tunaondoka. Mamake keshapona, tunaagana, mtoto analia mikononi mwangu. Nikampa ziwa anyamaze, akanyamaza. Sasa alinyonya au alisinzia nalo mdomoni, sikuangalia, mwanangu. Nilikuwa nalia na mimi."

"Jaribu kukumbuka!"

"Shamima, takwambia nakumbuka na sikumbuki? Akhera nitajibu nini? Ajuaye ni mamake. Yeye ndiye aliyempokea."

Mmadi alikuwa kashatoa simu. Akaiweka sauti ya nje. Ikaita, ikaita, mpaka nikaanza kuomba isipokelewe.

Sauti ya bibi, mamake Mmadi, ikaitika kutoka Ngazija. Mmadi akamwamkia, akamuuliza habari za kaya, kisha akamuuliza lile jambo. Ile siku ya kuagana alinyonya, au alilala?

Bibi akacheka cheko refu, la mtu aliyekumbuka kitu.

"Mwatum yupo hapo?" akasema. "Nipe yeye. Nitamwambia yeye kwanza."

Mama akanyosha mkono. Akaipokea simu, akainuka akaingia nayo chumbani kwake, nikasikia akitia komeo.